Keria ya Hanoi

Wiki mbili kabla ya Tet, mwaka mpya wa Kivietinamu, barabara za kando ya Mto Mwekundu huko Hanoi hujaa miti inayotembea. Ukiwa nyuma ya mmojawapo humwoni dereva. Unaona chungu cha udongo kilichokalishwa juu ya keria ya chuma, na juu yake mti wa machungwa madogo, matunda kama mayai ya kwale, mrefu kuliko mtu mzima. Chini kabisa kuna gurudumu moja jembamba. Mti umetoka mashamba ya Tu Lien na unakwenda sebuleni kwa mtu, ndani ya kichochoro ambamo hata bajaji ingekwama.

Wageni hupiga picha na kucheka. Mpiga picha Hans Kemp alitoa kitabu kizima cha picha za namna hiyo mwaka 2003. Mwenye mti hacheki, yeye anahesabu. Malori yamezuiwa kuingia katikati ya Hanoi saa za msongamano, na hata yangeruhusiwa yangeishia mdomoni mwa kichochoro, mzigo ukashushwa na kubebwa mabegani kwa malipo mengine. Pikipiki inatoka shambani hadi mlangoni bila mzigo kushikwa mara mbili. Nchi ya watu takriban milioni 100 ina pikipiki zilizosajiliwa zaidi ya milioni 70. Chombo kipo tayari nyumbani, hakuna wa kukodi.

Asili ya chombo chenyewe inafaa kukumbukwa. Honda ilipotoa Super Cub huko Japani mwaka 1958, ilikusudia pikipiki ambayo mpeleka tambi angeweza kuiendesha kwa mkono mmoja, mwingine umeshika sinia. Ndiyo maana haina klachi ya mkononi. Wavietinamu waliipenda hata neno "Honda" likawa jina la pikipiki yoyote. Miaka ya 1990 Honda Dream ilikuwa mali ya kujivunia mtaani, si ya kubebea nguruwe. Kisha, mwaka 2000 hivi, zikamiminika pikipiki za bei poa kutoka China, na Honda ikajibu mwaka 2002 kwa kutoa Wave Alpha, kwa takriban dola 700. Hapo ndipo mchuuzi wa kawaida alipopata punda wake.

Ufundi wa kupakia ni somo peke yake. Keria huchomelewa na fundi wa mtaani kwa kipimo cha bidhaa: ya mitungi ya gesi si ya matenga ya kuku. Mzigo hufungwa kwa vipande vya tyubu kuukuu, kwa sababu kamba ya katani hulegea mzigo ukishajipanga, ilhali mpira hufuata mzigo na kuubana. Nguruwe huingizwa kwenye tenga refu lililosukwa kwa mianzi, likalazwa kukingama nyuma ya dereva. Inapokaribia siku ya miungu ya jikoni, tarehe 23 ya mwezi wa 12 wa kalenda ya mwezi, samaki aina ya kapu husafirishwa hai, wengine ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa maji. Kioo cha dirisha nacho hakihitaji keria: abiria hukaa nyuma, akatanua mikono na kukishika mwenyewe. Hapo sijui tumwite abiria au kifaa. Kukumbatia si jambo geni hapa: teksi ya pikipiki kwa Kivietinamu ni "xe ôm", yaani chombo cha kukumbatia.

Ujuzi huu una mizizi ya vita. Mwaka 1954 zaidi ya baiskeli 20,000 zilipeleka mchele na risasi kwenye mapigano ya Dien Bien Phu, zikisukumwa na watu wa miguu, zimefungwa mti kwenye usukani ili ziongozwe kutoka pembeni. Msukumaji mmoja, Ma Van Thang, aliweka rekodi ya kilo 352 kwa baiskeli moja.

Sheria, kwa upande wake, inaweka kikomo cha kimo cha mzigo wa pikipiki kutoka usawa wa barabara. Ule mti wa machungwa umeshavunja sheria kabla haujatoka shambani. Serikali ilipojaribu kuanzia Januari 2008 kuondoa vyombo vya magurudumu matatu vilivyoundwa mitaani, iliwaachia nafasi wanajeshi walioumia vitani. Haikuchukua muda, vyombo vyenye maandishi ya "majeruhi wa vita" vikaanza kuendeshwa na vijana wazima wa afya, vimebeba nondo.

Mtihani mkubwa zaidi sasa unatoka kwenye mafuta. Julai 2025 waziri mkuu aliagiza Hanoi iondoe pikipiki za petroli ndani ya Barabara ya Mzunguko Nambari 1 ifikapo Julai 1, 2026. Kampuni kama VinFast zina skuta za umeme za kuuza, na vijana wa Grab, huduma ya usafiri wa kuitwa kwa simu iliyoingia nchini mwaka 2014, wanaweza kuhamia huko kwa sababu mzigo wao ni chakula na mtu mmoja. Mwenye mti wa machungwa ana maswali mengine: betri itashuka kwa kiasi gani chini ya chungu cha udongo, wapi atachomelea keria bila kugusa nyaya, na nani atampa mkopo wa chombo kipya wakati Dream yake ya zamani bado inawaka kwa teke moja.