Upinzani si uadui: kwa nini vyama vya siasa hupanda na kushuka



Wakati wa uchaguzi unapokaribia, na hata baada ya kupita, huku Fizi na Baraka husikika maneno kama haya: "Fulani ni mpinzani, basi ni adui." "Chama kile ni cha kabila lile." "Wetu akishindwa, tumekwisha." Ni maneno mafupi, lakini yanaweza kuwasha moto mkubwa. Katika ukurasa huu tunapenda kueleza upinzani ni nini, kwa nini bahati ya vyama hubadilika, na jambo hilo linagusa vipi amani yetu.

Mlango ukifungwa, watu hupanda mlima

Zamani za Mobutu kulikuwa na chama kimoja tu, MPR, kilichoanzishwa mwaka 1967. Kila raia alihesabiwa kuwa mwanachama, apende asipende. Aliyetaka kupinga hakuwa na mlango halali wa kupitia.

Wazee wa Fizi wanajua kilichofuata. Mwezi wa 12 mwaka 1967 Laurent-Désiré Kabila na wenzake waliunda chama cha PRP, wakaishi kwa silaha miaka mingi katika milima yetu, huko Hewa Bora. Wengine walichagua njia isiyo ya bunduki. Mwaka 1980 wabunge 13 walimwandikia Mobutu barua ya kumkosoa. Wakakamatwa na kuteswa. Mwaka 1982 Etienne Tshisekedi na wenzake wakaunda UDPS. Tarehe 24 mwezi wa 4, 1990, Mobutu alikubali vyama vingi.

Tarehe 17 mwezi wa 5, 1997, vita vya AFDL viliifikisha Kinshasa mikononi mwa Kabila. Lakini siku chache baadaye utawala mpya ulisimamisha kazi za vyama vya siasa. Aliyekuwa mpinzani jana alifunga mlango ule ule aliokuwa amefungiwa. Mwaka 1998 vita vikaanza tena, vikiwa na RCD na MLC. Gharama yake tunaijua: watu wetu wengi walivuka ziwa Tanganyika kwenda kambi za Kigoma, na wengine walianza kurudi kupitia Baraka mwaka 2005 tu. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Sheria inasema nini?

Katiba ya tarehe 18 mwezi wa 2, 2006, ilijaribu kufungua mlango huo. Kifungu cha 7 kinasema kuunda utawala wa chama kimoja ni uhaini mkubwa. Kifungu cha 8 kinatambua upinzani wa kisiasa na haki zake. Kifungu cha 190 kinakataza mtu yeyote kuunda jeshi lake au kuwapa vijana silaha. Tena kuna sheria ya tarehe 4 mwezi wa 12, 2007, juu ya hali ya upinzani. Inampa mpinzani haki ya kukosoa serikali, kupata habari na kusikika katika redio na televisheni za serikali.

Kwa hiyo mpinzani si mwasi. Mwasi hutaka utawala kwa bunduki. Mpinzani hutaka utawala kwa kura, na wakati anapoungojea ana kazi ya kuonyesha makosa ya wanaotawala.

Aliye juu leo, kesho yuko chini

Tazameni jinsi mambo yalivyogeuka tangu 2006.

RCD ilikuwa imetawala sehemu kubwa ya mashariki, pamoja na Goma na Bukavu. Kura zilipopigwa 2006, ilipata viti 15 tu kati ya 500 vya Bunge la Taifa. Jean-Pierre Bemba wa MLC alipata karibu asilimia 42 katika duru ya pili dhidi ya Joseph Kabila. Mwezi wa 3, 2007, askari wake na wa serikali walipigana Kinshasa, naye akaondoka nchini mwezi uliofuata. Mwaka 2011 MLC ilibaki na viti vichache.

UDPS yenyewe iligoma uchaguzi wa 2006, ikakosa sauti bungeni. Mwaka 2011 ilirudi, na Etienne Tshisekedi akatangazwa wa pili kwa asilimia 32, matokeo aliyoyakataa. Alifariki mwezi wa 2, 2017. Mwaka 2018 mwanawe Felix alitangazwa mshindi kwa asilimia 38.57, mbele ya Martin Fayulu, asilimia 34.83. Fayulu alipinga matokeo hayo, na maaskofu Wakatoliki nao walisema hayalingani na yale waangalizi wao waliyoyakusanya.

Rais mpya hakuwa na wabunge wengi. Wengi walikuwa wa FCC, upande wa Joseph Kabila. Mwisho wa 2020 ushirikiano huo ulivunjika, na wabunge wengi wa FCC wakahamia Muungano Mtakatifu wa Rais. Katika uchaguzi wa mwezi wa 12, 2023, chama kilichokuwa cha upinzani kwa miaka 37 ndicho kilichotetea kiti: Rais alitangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 73. Moise Katumbi alipata 18, na Fayulu akashuka hadi karibu 5.

Sababu za kupanda na kushuka

Ya kwanza ni uchovu wa wananchi. Bei ikipanda, barabara ikifa na usalama ukikosekana, watu humtafuta mwingine.

Ya pili ni kanuni za uchaguzi. Mwezi wa 1, 2011, katiba ilibadilishwa, duru ya pili ya urais ikaondolewa. Mwaka ule Kabila alitangazwa mshindi kwa asilimia 48.95, chini ya nusu ya kura. Kwa duru moja, wapinzani wanaogawanyika hujishinda wenyewe.

Ya tatu ni mgawanyiko. Mwezi wa 11, 2018, viongozi wa upinzani walikubaliana Geneva juu ya mgombea mmoja, Fayulu. Siku moja baadaye wawili kati yao, Felix Tshisekedi na Vital Kamerhe, walijitoa.

Ya nne ni kuhamia mezani. Chama kinachoingia serikalini hupata vyeo, lakini kinaweza kupoteza imani ya waliokipigia kura.

Mfano kutoka mbali

Uingereza nayo ina kupanda na kushuka. Mwaka 2019 chama cha Labour kilishindwa vibaya, kikabaki na viti 202 kati ya 650. Mwaka 2024 kilipata 411, na Conservative waliokuwa wakitawala wakaanguka kutoka 365 hadi 121. Chama cha tatu, Liberal Democrats, kiliingia serikalini 2010 kikiwa na viti 57. Mwaka 2015 kikabaki na 8. Mwaka 2024 kikafika 72.

Siku moja baada ya kura za 2024, waziri mkuu aliyeshindwa alitoka ofisini na mshindi akaingia. Hakuna kijiji kilichokimbia. Tangu mwaka 1937 sheria huko inampa kiongozi wa upinzani mshahara wa serikali, kwa kuwa kazi yake inahesabiwa kuwa kazi ya taifa. Hawakuzaliwa hivyo: katika karne ya 17 walichinjana kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na Ireland ya Kaskazini ilipata mkataba wa amani mwaka 1998 tu.

Inatuhusu nini sisi tuliohama?

Inatuhusu sana. Mwaka 2023 uchaguzi haukufanyika Masisi, Rutshuru na Kwamouth kwa sababu ya vita. Mahali penye bunduki, raia hukosa sauti. Mwezi ule ule Corneille Nangaa, aliyeongoza tume ya uchaguzi ya 2018, alitangaza muungano wa AFC pamoja na M23. Mwanzoni mwa 2025 Goma na Bukavu zikaingia mikononi mwao, na familia nyingi zikakimbia.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi:
- Msikubali chama kiitwe cha kabila. Sheria inadai kila chama kiwe cha taifa zima.
- Msigawe msaada wala nafasi kambini kwa kuangalia chama cha mtu.
- Anayekosoa kamati ya kambi asikilizwe. Upinzani mwema huanzia hapo.
- Tunzeni kadi za uchaguzi za familia pamoja na hati nyingine.
- Wafundisheni vijana kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, na kwamba mshindi naye asimfungie mlango aliyeshindwa.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Katika kijiji au kambi yetu, mtu mwenye wazo tofauti hutendewa namna gani?
2. Tulipoona chama kikishindwa, je, tulimcheka jirani au tuliendelea kushirikiana naye?
3. Tufanye nini sasa ili uchaguzi ujao usimhamishe mtu hata mmoja?