Jina la Mwenzetu Aliyekufa Vitani

Katika mazungumzo haya twapenda kueleza jambo ambalo watu wa Rufiji wana haki ya kulijua kuliko wengine. Askari afapo vitani, wenzake hufanya nini ili jina lake lisipotee? Na kwa nini majina ya wengine yameandikwa juu ya mawe na shaba, na ya wengine, walio wengi mno, hayakuandikwa popote?

Mtu atokaye Kibiti akishika njia ya mashariki hata Nyamisati huifikia nchi ya delta, mahali mto Rufiji ugawanyikapo kuwa mito mingi, kila mto na mlango wake baharini, na katikati yake misitu ya mikoko. Humo ndimo ilimojificha manowari ya Wajerumani, Königsberg, mwaka 1914. Tarehe 20 Septemba mwaka ule ilikuwa imeizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, bandarini Unguja. Kisha mitambo yake iliharibika, ikafunguliwa, na watu wakaikokota kwa kamba mpaka Dar es Salaam ikatengenezwe, wakairudisha vivyo hivyo. Januari 1915 Waingereza waliitwaa Mafia, na kutoka huko ndege zao zikaipeleleza manowari ile. Tarehe 6 Julai waliishambulia wasifaulu. Tarehe 11 Julai 1915 merikebu Severn na Mersey ziliipiga mizinga, hata nahodha wake, Max Looff, akaamuru watu wake waiharibu wenyewe.

Mapigano yalipokwisha, mabaharia waliosalia waliwazika wenzao 33 ukingoni mwa mto, wakaweka kibao chenye tarehe ya siku ile na majina ya waliokufa. Natulitazame sana tendo hili, maana ndilo litakalotufundisha. Watu wale walikuwa wameshindwa, tena hawakujua kama wataiona kwao tena; walakini hawakuondoka kabla ya kuacha mambo matatu: mahali, siku, na jina. Mambo hayo matatu ndiyo nguzo za ukumbusho wo wote wa askari. Likiwapo jina pasipo mahali, mama hajui aelekee wapi kulia; likiwapo kaburi pasipo jina, mpita njia hajui amwombee nani. Na wale waliokokota mitambo kwa mabega yao hawakuandikiwa kibao.

Sasa tuupande mto. Mwanzo wa mwaka 1917 vita vilikuwa vimefika Rufiji ya juu. Tarehe 4 Januari, mahali paitwapo Beho Beho, aliuawa Kapteni Frederick Courteney Selous, Mwingereza mwindaji mashuhuri, naye ana miaka 65. Wenzake walimzika huko, na kaburi lake lina jina lake hata leo. Mwaka 1922 nchi ile ya wanyama iliitwa kwa jina lake, na sehemu yake kubwa tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Hatusemi hivi kwa kumwonea wivu marehemu. Twasema ili tuulize: katika vita hivyo hivyo walikuwako askari wa King's African Rifles, na askari wa Nigeria, na Wahindi, na askari Waafrika wa Wajerumani, na maelfu ya wapagazi wa pande zote mbili. Hao wamelala wapi?

Ili kujibu, yatupasa kwanza kufahamu kazi ya mpagazi. Nchi ile ina mbung'o, na mbung'o huua farasi na ng'ombe. Mvua za mwaka 1917 zilikuwa nyingi mno, barabara zikageuka matope, magari yakakwama. Basi chakula cha askari kilitoka reli ya Mikese kwenda Rufiji juu ya vichwa vya watu. Tufanye hesabu kama tufanyavyo shuleni. Mpagazi amechukua ratili 50 za unga, na kila siku atakula ratili 2. Akienda siku 10 na kurudi siku 10, atakuwa amekula ratili 40. Zitakazomfikia askari ni 10 tu. Kwa hiyo ili kumlisha askari mmoja walihitajiwa wapagazi wengi, na ili kuwalisha wapagazi hao wakahitajiwa wengine tena. Ndiyo sababu watu walichukuliwa vijijini kwa wingi, wengine kwa nguvu.

Wapagazi hao wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, na homa, na kichomi, na njaa. Wengine walipewa unga wa mahindi, nao kwao wamezoea ndizi au wali; na unga usiopikwa ukaiva huleta maradhi ya tumbo. Wanahistoria hukadiria kwamba waliolitumikia jeshi la Waingereza kwa kazi hiyo walipita 1,000,000, na waliokufa walikuwa 95,000 au zaidi. Kambi yao Dar es Salaam ndiyo iliyoacha jina la Kariakoo, maana jeshi hilo la wapagazi Waingereza waliliita Carrier Corps. Wengi waendao sokoni Kariakoo hutaja jina la wafu wao pasipo kujua.

Kwa nini basi majina yao hayakuandikwa? Sababu ya kwanza ni kazi yenyewe: mtu aliyeanguka njiani aliachwa hapo hapo, na mzigo wake ukapewa mwingine. Sababu ya pili ni daftari: jina liliandikwa na karani asiyejua lugha ya mtu yule, wala ukoo wake, wala kijiji chake, hata alipokufa, jamaa zake hawakupatikana, na mishahara ya wengi haikulipwa. Lakini sababu ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni uamuzi wa wakubwa. Mwaka 1917 Waingereza walianzisha tume ya makaburi ya vita, yenye kanuni kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina, pasipo kutazama cheo wala rangi. Katika Afrika Mashariki kanuni hiyo haikufuatwa. Makaburi mengi ya Waafrika yaliachwa yarudi porini, na badala yake zikasimamishwa sanamu za wote kwa pamoja. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam ilifunuliwa mwaka 1927. Ni nzuri, na ina maneno ya Kiingereza na Kiswahili. Lakini jina la mtu halimo.

Wenzao walio hai hawakungoja sanamu. Vyama vya ngoma ya beni, kama Marini na Arinoti, vilivyoenezwa na askari na wapagazi, havikuwa vya kucheza tu. Wenye chama walisaidiana katika ugonjwa, na mwenzao akifa walimzika na kumfanyia matanga. Mgeni asiye na ndugu mjini alipata ndugu katika chama. Na vijijini, aliyerudi alileta habari: fulani alifia pahali fulani, nami nilikuwako. Ndipo jamaa walipoweka matanga bila maiti, wakasoma hitima au sala, na baadaye wakampa mtoto jina la marehemu. Mahali, siku na jina: mambo yale yale matatu ya kibao cha delta, lakini haya yaliandikwa vinywani.

Na kinywa hufa. Mwaka 2021 tume ile ya makaburi ilikiri yenyewe kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Tangu hapo kazi ya kutafuta imeanza. Januari 2025 huko Cape Town ulifunguliwa ukumbusho wa vibarua wa jeshi Waafrika zaidi ya 1,700, na kila mmoja amesimamishiwa nguzo ya mti yenye jina lake. Majina hayo yalipatikana kwa kuwa palikuwa na karatasi zilizohifadhiwa.

Kwa hiyo twawaomba wanafunzi na wazazi wa Kibiti, Utete, Mohoro na visiwa vya delta: waulizeni babu na bibi zenu maadamu wapo. Andikeni jina la aliyechukuliwa, na la baba yake, na kijiji chake. Alikuwa upande gani. Alifia wapi kama yajulikana. Na nani aliyeleta habari. Msiongeze sifa, wala msipunguze. Neno lisilo hakika lisemwe kuwa si hakika. Daftari moja la shule lenye majina kumi ya kweli litakuwa limeifanya kazi iliyoachwa tangu mwaka 1917.