Namba 4,294,967,297 na Dai la Utasa

Makala haya mafupi yanakusudia kueleza sifa za namba moja, 4,294,967,297, ambayo iliwahi kudhaniwa kuwa tasa pasipo uthibitisho. Namba tasa ni namba nzima iliyo kubwa kuliko 1, isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa namba yenyewe. Istilahi hiyo imechukuliwa kutoka neno la kawaida tasa, yaani asiyezaa. Nayo inafaa, kwani utasa ni dai gumu: kigawo kimoja kingine kikipatikana, dai lote huanguka.

Mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat alichunguza namba zinazopatikana kwa kutwaa 2 yenye kipeo 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea, kila kipeo kikiwa maradufu ya kilichotangulia, kisha kuongeza 1. Tano za kwanza ni 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote ni tasa. Fermat aliamini kwamba zinazofuata ni tasa pia, ingawa alikiri kuwa hakuwa na uthibitisho. Ya sita, 2³² + 1, ndiyo namba yetu.

Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kwamba 4,294,967,297 = 641 × 6,700,417. Kigawo hicho hakihitaji kubahatishwa. Imethibitishwa kuwa kila kigawo tasa cha namba hii kikigawanywa kwa 64 huacha baki 1. Namba tasa za namna hiyo, kuanzia ndogo, ni 193, 257, 449, 577 na 641. Basi jaribio la tano latosha.

Uthibitisho wenyewe ni mfupi. Tunajua kuwa 641 = 5 × 2⁷ + 1, na pia 641 = 5⁴ + 2⁴. Kwa mujibu wa usawa wa kwanza, 5 × 2⁷ imepungua 641 kwa 1 tu; hivyo kipeo chake cha nne, 5⁴ × 2²⁸, kikigawanywa kwa 641 huacha baki 1. Kwa mujibu wa usawa wa pili, 5⁴ yaweza kubadilishwa kwa −2⁴ bila kuathiri baki. Basi −2³² nayo huacha baki 1, na kwa hiyo 2³² + 1 hugawanyika kwa 641 bila baki.

Hadi leo haijapatikana namba tasa nyingine katika mfuatano huo baada ya 65,537, wala haijathibitishwa kwamba haipo.

Funzo hili latuhusu pia sisi wachunguzi wa lugha. Anayetazama kiti, kisu, kitabu, kikapu na kijiko aweza kudai kwamba kila nomino yenye ki- huchukua upatanisho wa ki-. Nomino ya sita, kipofu, yamkanusha: husemwa kipofu amefika, si kipofu kimefika. Mifano mitano yaweza kuzaa dhana, haiwezi kuithibitisha.