Cheo ni Dhamana

Msafiri afikaye Tabora hupelekwa Kwihara kuonyeshwa tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Sisi tungependa aonyeshwe na njia yenyewe. Njia hiyo ilitoka pwani, ikapita Ugogo, ikaingia Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Kwa njia hiyo Visiwa na Unyamwezi vilijuana, wakauziana, wakaoana. Babake Tippu Tip, mtu wa Unguja, alimwoa hapa binti wa Mtemi Fundikira. Na kwa njia hiyo hiyo walipita watu waliofungwa minyororo shingoni, wasiojua wamekosa nini wala safari yao itakwisha lini. Aliyewafunga hakuwa na mtu wa kumjibu. Huo ndio uliokuwa ubaya mkubwa wa zama zile, na ndio tunaotaka kuuzungumza leo.

Kutoka Tabora reli hupanda kaskazini kwenda Shinyanga na Mwanza. Katika mikoa hiyo miwili mwaka 1976 kulitokea jambo ambalo halifai kusahauliwa. Mauaji mengi, aghalabu yenye kuhusishwa na imani za uchawi, yalikuwa yameitia nchi aibu, na Serikali ikaamua kuyakomesha. Nia ilikuwa njema. Lakini waliopewa kazi hiyo, maofisa wa Polisi na wa Usalama, waliwakamata watu kwa wingi na kuwatesa ili wakiri. Baadhi ya washukiwa walikufa mikononi mwao. Hivyo kazi iliyoanza kwa kutafuta wauaji ikazaa wauaji wengine, waliolipwa mshahara na umma.

Habari zilipofika juu, hazikufunikwa. Januari 1977 Ndugu Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu. Alijiuzulu pia Ndugu Peter Siyovelwa, Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Rais, pamoja na Wakuu wa Mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Baadhi ya maofisa waliohusika walishtakiwa, wakahukumiwa, wakafungwa. Mzee Mwinyi hakumpiga mtu hata kofi. Lakini alielewa kwamba Polisi walikuwa chini yake, na kwamba damu iliyomwagika Usukumani ilimhusu yeye aliyelelewa Unguja. Kujiuzulu huko hakukumwangusha. Mwaka 1984 alikuwa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 Rais wa Jamhuri ya Muungano. Alipofariki mwaka 2024, wengi walimkumbuka kwa uamuzi ule. Viongozi wanaoogopa kuwajibika kwa kuhofia heshima yao wautazame mfano huo.

Hata hivyo, tusiishie kwenye sifa. Mwezi ule ule Mawaziri walipokuwa wakijiuzulu, kulikuwa na watu wengine gerezani ambao hakuna aliyejiuzulu kwa ajili yao. Abdulrahman Babu, mwana wa Unguja aliyepata kuwa Waziri katika Serikali ya Muungano, alikuwa kizuizini Bara tangu mwaka 1972, baada ya kuuawa kwa Mzee Karume. Mahakama ya Zanzibar ilimhukumu kifo bila yeye kuwapo mbele yake. Huku Bara hakupata kufikishwa mahakamani. Aliachiliwa mwaka 1978. Hakuwa peke yake.

Kwa nini mateso ya Shinyanga yalipata wa kuyajibia, na miaka ile ya kizuizini isimpate? Jibu ni rahisi, nalo ni chungu. Mateso yalikuwa kosa; kizuizi kilikuwa sheria. Sheria ya Kuwaweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962 ilimpa Rais uwezo wa kumfungia mtu bila mashtaka, na ikazinyima mahakama uwezo wa kuihoji amri yake. Milango hiyo ya mahakama ilifunguliwa kidogo kwa marekebisho ya mwaka 1985. Mpigaji huvunja sheria, na anaweza kushikwa. Mwenye kutia saini hujificha nyuma ya sheria, na kalamu yake haiachi kovu mwilini mwa mtu.

Watakuwapo watakaosema kwamba usalama wa Taifa hauna mzaha. Ni kweli, nasi hatuubezi. Januari 1964 askari waliasi Dar es Salaam, na uasi ukafika hadi kambi ya Tabora. Lakini tukumbuke kwamba sheria ile ya kizuizi ilikuwa imekwisha kuwapo, na haikuuzuia uasi. Hatari huja na kupita. Sheria isiyo na kikomo hubaki, nayo hutafuta watu wa kuitumikia.

Mengi yamebadilika tangu hapo. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, zikaanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988, Mzee Mwinyi akiwa Rais. Ibara ya 13 inakataza mtu kuteswa. Ibara ya 15 inalinda uhuru wake. Lakini mlango uliofungwa mbele umeachwa wazi nyuma. Leo mtu akishtakiwa kwa kosa lisilo na dhamana, anaweza kukaa rumande miaka na miaka akiambiwa kila mara kwamba upelelezi haujakamilika. Viongozi wa Jumuiya ya Uamsho na Mihadhara ya Kiislamu ya Zanzibar walishtakiwa Dar es Salaam kwa ugaidi mwaka 2014. Wakaachiliwa Juni 2021, Mkurugenzi wa Mashtaka alipoyaondoa mashtaka. Hapa hatuamui kama walikuwa na hatia au la. Hiyo ilikuwa kazi ya mahakama, na mahakama haikupewa nafasi ya kuimaliza. Twauliza tu: ni nani aliyejibu kwa miaka hiyo saba?

Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kwa mwenye ofisi, kuahirisha kesi ni karatasi moja tu. Kwa mama aliyeko Pemba, ni nauli ya meli isiyopatikana, ni watoto wanaokua bila baba, ni mwaka mwingine.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, upelelezi wa kila kosa uwekewe muda maalumu, na muda huo ukipita, mshtakiwa aachiliwe. Pili, kila anayetia saini ya kumweka mtu ndani au kumrudisha rumande ajulikane kwa jina na cheo, ili siku ya kuulizwa apatikane. Tatu, Serikali iridhie Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1984 dhidi ya Mateso, ambao majirani zetu Kenya na Uganda wamekwisha kuukubali.

Tangu siku za TANU tumefundishwa kwamba cheo ni dhamana. Ni vigumu kuelewa basi kwamba raia anyimwe dhamana kwa miaka, na cheo cha aliyemnyima kisidaiwe dhamana hata siku moja. Mwaka 1977 nchi hii ilionyesha kwamba mkubwa anaweza kujibu kwa mateso yaliyotendwa chini yake. Sasa ijibu na kwa miaka ya watu iliyopotea.