Dubu wa Kuprinti Hanyooshi Mwandiko

Nimeulizwa Masii, nimeulizwa Mbiuni, na juzi mzazi kanisimamisha stejini Makutano ya Mwala huku kondakta akituhimiza tupande: "Mwalimu, picha nzuri ya dubu ya kuprinti naipata wapi?" Ni ya mtoto wa PP2, inatakiwa kesho, na saiba inakaribia kufungwa. Mzazi mwenyewe simlaumu. Nalaumu imani iliyomtuma saiba, maana nimechoka kuijibu mmoja mmoja.

Imani yenyewe ni hii: mtoto akipaka dubu rangi bila kuvuka mstari, au akimfuatisha kwa penseli juu ya vidoti, mkono utanyooka na mwandiko utakuja wenyewe. Hauji. Mtoto anayeandika herufi anaamua aanzie wapi, apinde wapi, asimame wapi. Dubu aliyeprintiwa ameshaamuliwa yote hayo na mtu mwingine, mbali sana na Mwala, na mtoto ameachiwa kujaza tu.

Mwaka 2012 watafiti wawili wa Marekani, Karin James na Laura Engelhardt, waliwachukua watoto wa miaka mitano hivi ambao walikuwa hawajajua kusoma. Herufi nyingine watoto waliziandika wenyewe bila msaada, nyingine wakazifuatisha juu ya vidoti, nyingine wakazibonyeza kwenye kibodi. Kisha wakaonyeshwa herufi hizo wakiwa ndani ya mashine inayopiga picha za ubongo. Sehemu zinazotumika katika kusoma ziliamka kwa herufi ambazo mtoto aliziandika mwenyewe. Kufuatisha vidoti hakukufikia hapo, na kubonyeza vilevile. Watoto walikuwa wachache, nakubali. Lakini anayeuza vitabu vya vidoti, ushahidi wake uko wapi?

Hapo huwa naambiwa, "Lakini wa dada yangu alipaka rangi sana na sasa anaandika vizuri." Bila shaka. Alikuwa na miaka minne, sasa ana sita. Miaka miwili hunyoosha mwandiko wa watoto wengi, dubu awepo asiwepo. Kama vidole ni vilegevu, mpe mahindi ya kupukuchua, mbaazi za kuambua, udongo wa kufinyanga, soksi zake za kufua. Kazi hizo ziko nyumbani kwako na hazina foleni ya saiba.

Sisemi kupaka rangi ni sumu. Viktor Lowenfeld, mwalimu wa sanaa aliyesomwa sana tangu kitabu chake kitoke mwaka 1947, alivilaani vitabu vya kupaka rangi, na naona alizidisha. Mtoto anayefurahia, apake. Ila msiniambie ni zoezi la mwandiko.

Tena kwa nini dubu? Dubu wa mwisho wa Afrika walikuwa kwenye milima ya Atlas, kaskazini kabisa, na walitoweka katika karne ya 19. Huyu wa kwenye picha ni jamaa ya yule mwanasesere aliyepewa jina la Rais Theodore Roosevelt, kwa sababu Novemba 1902, huko Mississippi, alikataa kumpiga risasi dubu aliyefungwa mtini. Huruma hiyo aliiacha kwao: mwaka 1909 alishuka treni Kapiti, Machakos hii hii, na hadi safari inakwisha yeye na mwanawe Kermit walikuwa wameua wanyama zaidi ya 500. Wanyama wetu tunao, na wa kuwaumba tunao. Wamunyu, ndani ya Mwala yenyewe, wanachonga tangu Mutisya Munge arudi kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia na ufundi aliojifunza kwa Wazaramo. Mpeleke mtoto akatazame tezo linavyomtoa twiga kwenye gogo. Mtaala wenyewe unahimiza vifaa vya mazingira. Saiba tumejitwika wenyewe.

Haya, mwalimu wa mtoto kang'ang'ania dubu. Chukua kikombe, zungusha penseli, hicho ni kichwa, kifuniko cha soda mara mbili, hayo ni masikio, kwisha. Kama lazima uprinti, printi kopi moja tu, nyeusi, na umwambie wa saiba aipunguze itoshee A4, kwa sababu picha nyingi zimepangwa kwa karatasi ya Kimarekani iliyo pana kidogo na pembeni hukatwa. Ibandike kwenye katoni, ikate, sasa una kiolezo cha watoto wa ploti nzima. Gundi ni unga wa ngano na maji, koroga motoni hadi uwe mzito, utumie siku hiyo hiyo kabla haujachacha. Manyoya ni vumbi la mbao au maganda makavu ya mahindi. Makasi yawe ya ncha butu, kidole gumba kikae juu, na mkono mwingine ndio ugeuze karatasi. Anayetumia kushoto mtafutie makasi ya kushoto, haya ya kawaida yatamtafuna karatasi. Wa PP1 anayeshindwa na makasi achane kwa vidole. Macho, pua na mdomo achore mwenyewe, hata jicho likikaa shavuni, na wewe usilifute usiku akishalala.