MKIMBIAJI ALIYEPATA KUWA MKIMBIZI



Tukitoka Mbarara kwenda Nakivale tunawakuta wenzetu waliotoka Rwanda, Kongo, Burundi na Somalia. Makazi hayo yanapokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Wako wasemao kwamba mkimbizi ni mzigo. Sisi tunawajibu kwa habari za John Akii-Bua.

Huyu alikuwa askari polisi, mzaliwa wa Lango. Mwaka 1972, huko Munich, alikimbia mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82. Akavunja rekodi ya dunia na kuiletea Uganda dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Mwaka 1979, utawala wa Amin ulipoanguka, alikimbilia Kenya, akawekwa kambini. Bingwa mzima akawa mkimbizi! Kampuni ya viatu ya Puma ikampa kazi Ujerumani. Baadaye alirudi nyumbani, akawa kocha. Alifariki mwaka 1997.

Basi tusiwadharau vijana wa Nakivale. Mguu ndio mtaji wao, kama ulivyo mtaji wetu shambani na kiwandani. Lakini kocha peke yake hatoshi. Goti likiumia linataka mtaalamu wa viungo, siyo kuambiwa "vumilia". Chuo Kikuu cha Mbarara kinawafundisha wataalamu hao. Tudai huduma yao imfikie mkimbiaji, mkimbizi na mfanyakazi. Anayetibiwa leo, kesho atawafundisha wenzake.

Umoja ni nguvu!