Ufizi unatoka damu: mashine ya maji ya meno inasaidia nini, na haisaidii nini

Asubuhi mtu anasugua meno, anatema mate, anaona damu. Wengi wakiona hivyo wanafanya jambo moja: wanaacha kugusa upande ule ili ufizi "upumzike". Kumbe kwa kuuacha wanazidisha ugonjwa. Mara nyingi damu inatoka juu uchafu umekaa kwenye ufizi muda mrefu, na uchafu huo hauondoki wenyewe.

Siku hizi kuna mashine ndogo inayorusha maji katikati ya meno, na baadhi ya watu wa Goma na Bukavu wanaagiza ndugu zao wa ng'ambo wawatumie. Lakini je, inaponya ufizi kweli?

Damu inatoka wapi?

Baada ya kula, vijidudu vya kinywani vinajenga utando laini juu ya meno. Burosi inaondoa ule wa mbele, wa nyuma na wa juu. Katikati ya jino na jino, burosi haifiki. Bugali, nyama na sombe vinabaki pale, vijidudu vinaongezeka, na ufizi unavimba, unakuwa mwekundu na kutoka damu ukiguswa.

Katika hatua hii ufizi unaweza kurudi hali yake ya kwanza mtu akisafisha vizuri kila siku. Lakini akiuacha, utando unakuwa mgumu kama jiwe, na jiwe hilo burosi haiwezi kuliondoa. Ufizi unaachana na jino, mfupa unaolishika unaliwa polepole, na jino linaanza kucheza. Mfupa ukisha kuliwa haurudi wenyewe. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linakadiria kwamba ugonjwa mkali wa ufizi unapata watu zaidi ya miliari 1 duniani.

Wenye kisukari wanapaswa kuwa macho zaidi: sukari ikipanda, ufizi unaharibika haraka, na ufizi mgonjwa nao unafanya sukari iwe ngumu kutuliza. Mama mjamzito pia ufizi wake unavimba kwa urahisi. Na mvuta tumbaku anaweza kuwa mgonjwa bila kuona damu, juu tumbaku inaficha dalili hiyo.

Mashine inafanya kazi namna gani

Mashine hii siyo ya jana. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1962, katika mji wa Fort Collins, na daktari wa meno Gerald Moyer pamoja na injinia John Mattingly. Ina tanki dogo la maji, mota na ncha nyembamba. Mota inasukuma maji kwa mapigo ya haraka, na mapigo hayo yanatoa mabaki ya chakula na kulegeza utando laini katikati ya meno na chini kidogo ya ufizi.

Inafaa hasa kwa wale ambao uzi wa meno unawashinda: mwenye nyaya za kunyoosha meno, mwenye meno ya bandia yaliyofungwa moja kwa moja, ao mzee ambaye vidole vyake vimekauka. Lakini haichukui nafasi ya burosi, na lile jiwe haliondoi.

Maji kwanza

Hapa kwetu swali la kwanza siyo bei ya mashine, ni maji. Familia nyingi zinachota ziwani ao kwenye robine ambayo maji yake hayaaminiki, na kolera tunaijua. Maji ya mashine hii yanaingia kinywani, mengine yanamezwa, na yanapiga ufizi wenye vidonda. Basi kanuni ni moja: maji usiyoweza kunywa, usiyatie ndani ya mashine. Tumia yaliyochemshwa yakapoa, ao yaliyotiwa dawa.

Kisha fuata hatua hizi:

- Anza na nguvu ndogo kabisa. Siku za kwanza damu kidogo inaweza kutoka.
- Tumia maji ya uvuguvugu. Ya baridi sana yanauma.
- Inama juu ya lavabo ao beseni, tia ncha kinywani kabla ya kuwasha, funga midomo kidogo ili maji yatoke polepole.
- Elekeza maji pale jino linapokutana na ufizi, pita jino kwa jino, mbele na nyuma. Dakika moja ao mbili zinatosha.
- Ukimaliza, mwaga maji yote na uache tanki likauke. Maji yakilala ndani, vijidudu vinazaliana.
- Kila mtu wa nyumbani awe na ncha yake.

Kwa sababu umeme unakatika mara kwa mara, mashine ya kuchaji, ambayo inaweza kupata moto hata kwenye paneli ya sola, inafaa kuliko ile ya kuchomeka ukutani.

Asiye na mashine afanye nini?

Hajapoteza kitu kikubwa. Burosi laini, asubuhi na usiku, dakika mbili, ikiinamishwa kuelekea ufizi, pamoja na dawa ya meno yenye floridi: huo ndio msingi. Mara moja kwa siku apitishe katikati ya meno uzi wa meno ao burosi ndogo za kazi hiyo, akizipata farmasi. Nusu kijiko kidogo cha chumvi katika kikombe cha maji safi ya uvuguvugu kinatuliza maumivu, lakini hakiondoi utando. Sindano, wembe na ncha ya kisu vinaumiza ufizi, viachwe.

Wakati wa kwenda kwa muganga

Kama baada ya majuma mawili ya kusafisha vizuri damu bado inatoka, kama kuna usaha, harufu mbaya isiyoisha ao jino linalocheza, mashine yoyote haitatosha. Ni lazima muganga wa meno akwangue lile jiwe. Mwenye ugonjwa wa moyo, ao anayetumia dawa za kulegeza damu, amuulize daktari wake kabla ya kuanza na mashine.

Watu wengi wanaenda kwa muganga wa meno siku ya kung'oa tu. Aliyeenda siku ya damu ya kwanza, mara nyingi anarudi nyumbani na meno yake yote.